UZI: Kusoma taroti kwa asili nne, karata jirani inavyoipa nguvu au kuizima ya katikati

PauKavu (Arusha)

Wadau, kwenye nyuzi za taroti (karata za picha za kutazamia) linarudi swali lile lile. Mtu katoa karata tatu, kafungua kijitabu cha maana za karata, kaandika maana tatu, halafu hajui azifungeje ziwe jibu moja. Kijitabu kinakueleza karata inasema nini ikiwa peke yake. Hakikuelezi inasema kwa sauti ya juu au inanong'ona. Hilo unalipata kwa majirani zake, na kipimo chake ni asili nne: moto, maji, hewa na udongo.

Majina kwanza tusije tukapishana. Natumia majina ya karata za kawaida, kila aliyecheza wahedi na sitini anayajua. Pau ni fimbo, asili yake moto. Kopa ni vikombe, maji. Shupaza ni panga, hewa. Uru ni sarafu, udongo. Zile kubwa 22 naziita turufu, maana ndiyo kazi yake ya kwanza: taroti ilianza kama mchezo huko Italia ya kaskazini karne ya 15, mambo ya kutazamia yakaja baadaye sana. Jumla ni karata 78, yaani turufu 22 na ndogo 56. Kila aina ina 14: ree hadi 10, kisha Kijana, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme.

Kanuni yenyewe imetoka kwenye maandiko ya Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888. Wengi wanaikariri kama jedwali kisha wanaisahau. Ukijua sababu yake huna cha kukariri. Kila asili ina tabia mbili, kama alivyofundisha Aristotle zamani sana kabla ya karata. Moto ni joto na ukavu. Hewa ni joto na unyevu. Maji ni baridi na unyevu. Udongo ni baridi na ukavu. Asili mbili zikishiriki tabia moja zinaelewana, zisiposhiriki hata moja ni maadui. Sasa kagua: moto na maji hazina wanachoshiriki, hewa na udongo vilevile. Kwa hiyo uadui ni jozi mbili tu, pau na kopa, shupaza na uru. Mengine yote ni urafiki wa kiwango fulani.

Ukitoa karata tatu, ya katikati ndiyo jibu, mbili za pembeni zinaipima. Majirani wa asili moja nayo wanaipa nguvu sana. Marafiki wanaiunga mkono. Maadui wanaidhoofisha. Na kama wale wawili wa pembeni ni maadui wao kwa wao, wanamalizana wenyewe na ya katikati inabaki karibu kama ilivyo.

Watu wanapokwama ni hapa: nguvu si uzuri na udhaifu si ubaya. Chukua shupaza 3, ile ya moyo uliochomwa panga tatu mvua ikinyesha nyuma. Iweke kati ya uru 4 na uru 10. Hewa imebanwa na udongo pande zote mbili, huzuni ipo lakini haina meno. Hiyo ni nafuu kwa mteja. Iweke sasa kati ya shupaza 9 na shupaza 10, hapo jiandae kuzungumza naye taratibu.

Mpangilio nao una uzito. Dereva wa watalii anauliza kama msimu wa Juni utamlipa. Zinatoka pau 7, kopa 9, pau 10. Kopa 9 ni karata ya matakwa kutimia, kijitabu kitakuambia mpongeze. Lakini ni maji kati ya moto na moto, imezimwa, na zilizobaki na sauti ni mapambano (pau 7) na mzigo (pau 10). Kazi ataipata, raha ya kazi hataiona. Zipange sasa pau 7, pau 10, kopa 9. Jibu limekuwa mzigo, na wa pembeni, moto na maji, wanapingana wao kwa wao. Mzigo unabaki wa kawaida, wala hauongezeki. Karata zile zile, jibu jingine.

---

Chalii_Sakina (Arusha)

Mkuu umeshusha nondo. Swali: pau na uru nimeona sehemu wanaandika hazihusiani, hakuna urafiki wala uadui. Wewe unasema zinaelewana. Nishike lipi?

---

Mama_Pasua (Moshi)

Mwanangu, yote mawili yapo na yote yana hoja. Andiko la mwanzo linahesabu kila jozi inayoshiriki tabia kuwa marafiki. Wasomaji wa siku hizi wamegawa urafiki mara mbili. Moto na hewa zinashiriki joto, maji na udongo zinashiriki baridi: huo ndio urafiki kamili, unasukuma. Moto na udongo zinashiriki ukavu tu, hewa na maji zinashiriki unyevu tu: huo wanauita wa kati.

Kwenye meza tofauti inaonekana hivi. Pau 8 ni karata ya haraka na habari njiani. Shupaza 6 ikikaa pembeni yake, mambo yanakimbia, safari ndani ya siku chache. Uru 6 ikikaa pembeni yake, habari inakuja ila inapita kwenye hesabu, risiti, malipo ya kusubiri. Haijazimwa, imepunguzwa mwendo. Ushauri wangu: fuata mgawanyo wa siku hizi ukiulizwa "lini" au "kwa kasi gani", maana hapo ndipo unasaidia. Ukiulizwa ndiyo au hapana, kanuni ya mwanzo inatosha.

Usichanganye mbili hizo ndani ya usomaji mmoja. Amua kabla hujachanga.

---

Mdau_Majengo (Moshi)

Nakazia la Mama. Naongeza kwamba hizo za kati ndizo zinazopatanisha. Pau na kopa zikitokea pembeni na uru katikati, udongo unashika ukavu wa moto mkono mmoja na ubaridi wa maji mkono mwingine. Shupaza ikikaa hapo katikati inafanya kazi hiyo hiyo kwa joto na unyevu. Maadui wowote wawili wanapatanishwa na asili yoyote kati ya mbili zilizobaki. Kwenye maswali ya ndoa hii ni dhahabu: angalia kama kuna karata ya kupatanisha, na ni ipi. Uru inapatanisha kwa vitendo na fedha, shupaza kwa mazungumzo.

Kwa anayejifunza, huhitaji kukariri mipangilio yote. Ukishika asili moja katikati, majirani wanaweza kukaa kwa namna 10 tu ukiacha kulia na kushoto. Fanya 10 za moto mpaka ziingie kichwani, asili tatu zilizobaki zinafuata mantiki ile ile. Na karata za kawaida 52 zinatosha kabisa kwa mazoezi, si lazima usubiri mtu akuletee taroti kutoka nje.

Ukiandika daftarini usitumie herufi ya kwanza, moto na maji zote M. Chora pembetatu: iliyosimama ni moto, iliyopinduliwa ni maji. Ya hewa imesimama na ina mstari katikati, ya udongo imepinduliwa na ina mstari.

---

Chalii_Sakina (Arusha)

Shikamoo mama, nimekuelewa. Na turufu? Kifo au Mnara zina asili gani?

---

Mama_Pasua (Moshi)

Marahaba. Turufu asili yake inatokana na nyota au sayari iliyopangiwa. Tatu zimepewa asili moja kwa moja: Mpumbavu hewa, Aliyening'inizwa maji, Hukumu moto. Kumi na mbili zinafuata nyota, na hapo hakuna mjadala:

Moto: Mtawala (Punda), Nguvu (Simba), Kiasi (Mshale).
Udongo: Kuhani Mkuu (Ng'ombe), Mtawa (Mashuke), Ibilisi (Mbuzi).
Hewa: Wapendanao (Mapacha), Haki (Mizani), Nyota (Ndoo).
Maji: Gari la Vita (Kaa), Kifo (Nge), Mwezi (Samaki).

Zimebaki saba za sayari, na ugomvi wote uko humo. Zinazokubalika na wengi: Mnara ni Mirihi, moto. Jua ni moto. Kuhani Mwanamke ni Mwezi wa angani, maji. Mfanya Mazingaombwe ni Utaridi, hewa. Dunia ni Zohali, udongo. Malkia Mkuu ni Zuhura. Wengi wanampa udongo kwa kuwa Zuhura anatawala Ng'ombe, wengine wanampa maji. Gurudumu ni Mshtarii. Wengi moto kwa sababu ya Mshale, wengine maji kwa sababu ya Samaki.

Angalizo kwa wenye karata za mtindo wa Marseille: kwenu Haki ni namba 8 na Nguvu ni 11. Kwenye zile za mwaka 1909 alizotunga Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith zimebadilishana. Fuata jina na picha, namba itakupoteza.

---

PauKavu (Arusha)

Hapo kwa Gurudumu mama nitakupinga kidogo. Ukilipa moto, hesabu inaegemea: moto unakuwa na karata 21, asili nyingine 19 kila moja. Ukilihamishia maji inakuwa 20, 20, 19, 19. Mimi naona hiyo ni sababu nzuri ya kulipa maji.

---

Mama_Pasua (Moshi)

Kaka, hesabu kulingana si hoja ya asili. Gurudumu linazungusha, linaanzisha, linasukuma. Ukilipa maji kisha likakaa pembeni ya pau, utasema limeizima pau, na picha haisemi hivyo. Ila sipigani. Chagua moja, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako, usiibadilishe kwa kuwa leo mteja amekukunjia uso.

---

Kahawa_Chungu (Moshi)

Mimi nasoma karata zilizopinduka (zinazotoka kichwa chini) na nimezoea. Naweza kutumia vyote?

---

PauKavu (Arusha)

Usitumie vyote. Waliotunga kanuni hii hawakutegemea kupinduka, majirani ndio walioifanya kazi hiyo. Kupinduka kwa wasomaji wengi kuna maana ya nguvu kupungua au kuzuiwa. Adui pembeni naye ana maana hiyo hiyo. Ukitumia vyote unapunguza mara mbili kwa sababu moja, na karata iliyopinduka kati ya maadui hutajua kama imekufa au imegeuka.

Utaratibu: zigeuze zote ziangalie upande mmoja kabla ya kuchanga. Ukipenda kuzitawanya mezani na kuzikoroga kwa viganja, acha, ndiko zinakopindukia.

Na hapa kwenye kuchanga nikae kidogo, maana ndiko makosa mengi yanakotoka na hakuna anayeyaangalia. Wengi tunachanga kwa kumimina, unachukua fungu nyuma unaliangushia mbele. Kwa njia hiyo mafungu yanabaki mafungu. Kama jana ulizipanga kwa aina ukihesabu kama zimetimia 78, leo kopa zitatoka zimefuatana, na wewe utasema "maji yamejaa, hisia nzito". Hakuna hisia nzito, hujachanga. Kwa usomaji wa kijitabu kosa hilo halionekani. Kwa usomaji wa asili linaharibu kila kitu, kwa sababu unachosoma ni ujirani wenyewe.

Changa kwa kugawa mafungu mawili na kuyaingiliza ncha kwa ncha. Kwa karata 52 inajulikana kuwa mara 7 zinatosha. Kwa 78 fanya mara 9. Karata nyingi za taroti ni milimita 70 kwa 120, ni kubwa kwa viganja vyetu, kwa hiyo ziingilize kwa upande mrefu. Kisha kagua: panga 20 kwa mstari, zina majirani 19. Wastani wa jirani kufanana asili ni robo hivi, yaani jozi 4 au 5. Ukiona 9 au 10, rudia kuchanga.

Robo hiyo hiyo ndiyo ya maadui. Kwa hiyo karata ya katikati kubanwa na maadui pande zote inatokea kama mara 1 kati ya 16. Ikikutokea kila usomaji, tatizo ni mkono.

---

Mdau_Majengo (Moshi)

Kuna na la hali ya hewa. Vumbi la kiangazi hapa likiingia kwenye kingo, karata zinakwaruzana na kuingiliana vibaya. Masika zinanata mbili mbili, na zinazonata ni zile zile zilizokaa pamoja tangu juzi. Futa kila moja kwa kitambaa kikavu cha pamba, usitumie poda, inaganda ikipata unyevu. Funika meza kwa kitambaa kizito, glasi na fomeka zinazifanya ziteleze.

---

Kahawa_Chungu (Moshi)

Asanteni. Na picha za watu? Malkia wa Pau nimeona anaitwa "maji ya moto". Sasa ni maji au ni moto?

---

Mama_Pasua (Moshi)

Kwa kupima majirani ni moto, basi. Aina ya karata ndiyo inayohesabika. Ile asili ya pili ni ya kueleza tabia ya mtu: Malkia wa Pau ana moto ila anaushika kwa ndani. Malkia wote wana maji, Vijana wote wana udongo. Kwa Mfalme na Mpanda Farasi kuna mvutano, kwa sababu kwenye mpangilio wa Golden Dawn aliye juu ya farasi ndiye moto na aliye kwenye gari la kukokotwa ndiye hewa, na karata za 1909 hazina wa kwenye gari. Ndiyo maana vitabu viwili vinakupa majibu mawili. Kwa kuwa haiingii kwenye kipimo cha majirani, isikunyime usingizi.

---

Ngarenaro_Juu (Arusha)

Kwa hiyo hii ni ramli yenye hesabu 😂

---

PauKavu (Arusha)

Hujakosea sana arifu. Hata ramli ya mchanga kila umbo lina mistari minne: moto, hewa, maji, udongo, kutoka juu kwenda chini. Tofauti tunayoing'ang'ania humu ni kutotaja mtu. Swali la "nani kaniibia" au "nani kaniroga" halipokelewi, hiyo ni ramli chonganishi na itakupeleka kituoni. Mrudishie mteja swali: "nifanye nini sasa?"

---

Chalii_Sakina (Arusha)

Mkuu tupe mfano wa karata tano. Tatu nimezielewa.

---

Mama_Pasua (Moshi)

Nimpe mimi. Swali: mama anauza nguo za watoto soko la Memorial, anataka kufunga afungue duka mjini. Zimetoka kushoto kwenda kulia: uru 4, shupaza 8, uru 8, kopa 3, pau 3.

Anza katikati. Uru 8 ni kazi ya mikono, mtu anayerudia kazi yake mpaka anaiweza. Kushoto hewa inaipinga, kulia maji yanaiunga mkono, na hewa na maji hazigombani, kwa hiyo hazifutani. Kazi yake ya sasa imesimama kwa mguu mmoja, na mguu huo uko kulia.

Hamia shupaza 8, mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni. Majirani zake ni uru 4 na uru 8, udongo pande zote. Hii ndiyo inayozungumza kuliko zote. Anajiona amefungwa pale Memorial, lakini hofu hiyo imedhoofishwa na mambo mawili anayoyashika mkononi: akiba na ustadi. Aliyekuja na kijitabu angemwambia "umekwama, ondoka".

Kopa 3, ushirika na marafiki. Udongo kushoto unaiunga mkono, moto kulia unaipinga. Wateja na majirani wa kibanda wanamlipa akiwa kwenye kazi yake, hawamsaidii kwenye upanuzi. Pau 3, kutazama mbali na kupanua, iko mwisho kabisa na jirani wake wa pekee ni adui. Karata ya mwisho ina jirani mmoja tu, hakuna wa kumsawazisha, kwa hiyo pigo lote inalipokea.

Malizia na ncha mbili, uru 4 na pau 3. Udongo na moto, urafiki wa kati. Akiba inaweza kuingia kwenye duka, polepole. Jibu: asifunge Memorial msimu huu, na siku akipanua asiingie ubia na hao marafiki.

---

Kahawa_Chungu (Moshi)

Mama umemaliza. Ile ya msalaba wa karata kumi nayo inafuata mstari?

---

PauKavu (Arusha)

Haifuati, na wengi wanaharibu hapo kwa kuanza kuunganisha kila karata na kila karata. Amua jozi kabla hujagawa. Ya 1 na ya 2 (kikwazo) zinalaliana, zipime kama jozi: zikiwa maadui, kikwazo ni cha kweli, zikiwa asili moja, kikwazo cha mteja na nia yake ni kitu kimoja. Kisha soma tatu za mlalo, ya nyuma, ya 1 na ya mbele. Halafu tatu za wima, ya chini, ya 1 na ya juu. Nguzo ya kulia, 7 hadi 10, isome kama mstari kuanzia chini. Karata ya 10 ina jirani mmoja, ile ya 9, matumaini na hofu zake. Pima hapo kabla hujatamka matokeo.

---

Mdau_Majengo (Moshi)

Na Kahawa, zikitoka turufu tatu zimefuatana, pima kama kawaida lakini usiseme yoyote kati yao "imezimwa". Ndogo ikibanwa na turufu mbili adui inazimika. Turufu ikibanwa na ndogo mbili inachelewa tu. Kuna wanaozipima zote sawa sawa, na andiko la mwanzo halikuzitofautisha, ila jaribu kumwambia mteja kwamba Mnara umezimwa na kopa 2 na kopa 6 uone kama wewe mwenyewe unaamini.

---

Mama_Pasua (Moshi)

Mimi naamini. Mnara na kopa mbili pembeni naisoma ugomvi wa nyumbani uliowahiwa. Lete mfano wa turufu tatu tuupime hapa hapa.